Igizo Lisilo na Mume

Kuna aina moja ya fasihi hapa Kenya ambayo hakuna mhakiki anayeigusa, labda kwa sababu haina jina la mwandishi na hukufikia ikiwa imebanwa pamoja na ratiba ya chai. Nazungumzia maigizo ya mafunzo, yale ya kurasa mbili tatu ambayo polisi, manesi na machifu hupewa kwenye warsha ili wagawane nafasi. Wewe utakuwa mama, wewe utakuwa afisa wa dawati la jinsia, haya, someni kwa sauti. Mimi huyasoma kwa pesa. Niliacha chuo mwaka wa pili, na moja ya vibarua vinavyonilipia nyumba ni kunyoosha Kiswahili cha watu wenye miradi. Nalipwa kwa ukurasa. Hawajaniomba uhakiki, lakini siwezi kusoma hadithi mara kumi na moja bila kuuliza inaelekea wapi.

Na kweli ni hadithi moja. Ni usiku, taa za mtaa zimezimika, msichana anatoka kazini. Anatokea mtu asiyemjua. Asubuhi msichana anafika kituoni akilia, hajaoga, nguo ziko kwa mfuko, na afisa mwema anamwandikia OB kisha anampeleka hospitali. Siku ya pili ya warsha kuna igizo lingine, la dhuluma za nyumbani: mume, pombe, kofi, sahani zinavunjika, jirani anagonga mlango. Igizo la kwanza lina ubakaji na halina mume. La pili lina mume na halina chumba cha kulala.

Katika yote niliyosoma, ni moja tu ambapo hadithi hizi mbili zilikutana. Mama mwenye mkono uliovunjika anamweleza afisa jinsi alivyopigwa, kisha anaongeza, "na usiku hunilazimisha." Mstari unaofuata ni wa afisa: "Na huwa anakunywa pombe kiasi gani?" Nilirudi juu nikidhani ukurasa umepotea. Haukuwa umepotea. Mwandishi alimpa mama sentensi hiyo, halafu hakujua amfanyie nini.

Ningeiita kasoro ya uandishi tu kama watu wanaosoma maigizo haya wangekuwa waigizaji. Lakini Jumatatu wanarudi kwenye meza zao. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022, ule wa KDHS, ulipata kwamba asilimia 13 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kudhulumiwa kingono. Kwa wale ambao wameolewa au waliwahi kuolewa, mtu anayetajwa zaidi ni mume au mpenzi, wa sasa au wa zamani. Yaani hadithi ya nyumbani ndiyo ya kila siku. Afisa amefundishwa kuutambua ubakaji kwa ploti: giza, mgeni, machozi. Akija mama saa nne asubuhi, mkavu wa macho, mtoto mgongoni, na jina la mtuhumiwa ndilo lililo kwenye kitambulisho cha kliniki cha huyo mtoto, afisa haoni hadithi aliyoifanyia mazoezi.

Kuna warsha moja niliyoketi nyuma nikisahihisha vijikaratasi. Polisi mmoja, mzee wa makamo, aliinua mkono akauliza: sasa bwana akimfanyia bibi yake hivyo, mimi nitamshika kwa kosa gani? Watu wakacheka, kicheko kile cha wanaume wengi ndani ya ukumbi mmoja. Mkufunzi akatabasamu, akasema swali zuri, tutalirudia baada ya chai. Halikurudiwa. Mimi nalihesabu kuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, maana huyo mzee alikuwa anaisoma sheria vizuri. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 43, inaeleza ni lini tendo huwa la makusudi na kinyume cha sheria, kisha kijifungu cha 5 kinasema hayo hayawahusu watu waliooana kisheria. Njoki Ndung'u alipoupeleka mswada wake Bungeni, ubakaji wa ndani ya ndoa ulikuwemo. Ulitolewa ndipo mswada ukapita.

Lakini 2015 ilikuja sheria nyingine, ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, na katika orodha yake ya dhuluma imetaja waziwazi dhuluma ya kingono ndani ya ndoa. Haimpi mzee kosa la ubakaji la kumshikia mtu. Inampa kazi: amweleze mama msaada uliopo, yakiwemo makao salama na matibabu, na kwamba mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Kupiga na kujeruhi nako ni makosa bila kujali cheti cha ndoa. Hayo ni majibu ya dakika tano. Kama mkufunzi hana, basi watu wamefunzwa kuwa na huruma tu, na huruma bila cha kufanya huishia kwa "mama, rudini nyumbani msikizane."

Tuje kwa lugha, maana hapo ndipo ninapolipwa. Tuna neno unyumba. Mke anaweza kumnyima mume unyumba, na kila mtu anaelewa ni kosa la nani. Ila kile ambacho mume huchukua kwa nguvu hakijapata neno la nyumbani, la jikoni, ambalo mtu analitamka bila kujisikia yuko kwa habari za saa moja. Ubakaji ni neno la redio na korti. Na vyombo vya habari vyetu vimezoea kusema "dhuluma za kimapenzi", maneno ambayo huwa nayakata kwa kalamu nyekundu kila nikiyaona, kwa sababu mapenzi yameingiaje hapo?

Kwa hivyo swali la igizo, "Je, ulibakwa?", lina jibu ambalo mwandishi hakulitarajia: "Hapana, ni bwanangu." Mama hajadanganya. Afisa anaandika hapana, fomu inasonga mbele. Cha kuudhi ni kwamba watu wa KDHS hawaulizi hivyo. Wao huuliza kama mume amewahi kutumia nguvu kumlazimisha mwanamke kufanya ngono wakati hakutaka. Wanauliza kuhusu kitendo, jina la kosa wanaliacha. Yule anayekuja na kishikwambi kuhesabu wanawake amepewa swali bora kuliko yule aliye kaunta, ambaye anaweza kuwasaidia. Kwa Kiswahili cha mtaani ingetosha: "Ukimwambia leo hapana, huwa inakuwaje?" Halafu unyamaze. Na mume asiwe kwa hiyo benchi nje ya pazia akisikiliza, jambo ambalo mwongozo wa WHO wa mafunzo ya wahudumu wa afya, wa 2019, unalisisitiza, na ambalo igizo nililosoma lilisahau kabisa: mume alikuwa ameketi hapo hapo, anajibu kwa niaba yake.

Tatizo la ploti linafuata mpaka kwenye saa. Hadithi ya mgeni ina tukio moja, tarehe moja. Ukiuliza "ilitokea lini?", mke atakuambia, "tangu tuoane." Nesi aliyezoea igizo la kwanza anasikia miaka sita, anaona saa 72 za kuanza dawa za PEP zimepita zamani, anaweka fomu kando. Hakuuliza mara ya mwisho ni lini. Mara ya mwisho ilikuwa juzi. Saa 72 bado ziko hai, na 120 za tembe za dharura za kuzuia mimba pia. Swali moja dogo, na hakuna igizo hata moja kati ya yale niliyosoma linalolifundisha.

Na kuna sababu nyingine ya kuuliza. Jacquelyn Campbell, nesi na mtafiti wa Marekani, aliunda 1985 orodha ya maswali ya kupima kama mwanamke anayepigwa nyumbani yuko karibu kuuawa. Ndani yake kuna swali la kukabwa koo, na kuna swali la kulazimishwa kufanya ngono. Tuliandamana Nairobi Januari 27, 2024 kwa sababu ya wanawake waliouawa, tukapiga kelele vizuri sana. Nafikiria ni wangapi wanaoketi mbele ya meza wakiwa wameshasema sentensi kama ile ya mama wa igizo, wakaulizwa kuhusu pombe.

Nilipendekeza igizo jipya. Lilirudi na maoni mekundu pembeni: "zito kwa washiriki." Sawa, mradi ni wao. Kwenye toleo langu hakuna kofi hata moja jukwaani. Kuna mama na nesi, pazia, na mume aliyetumwa kaunta kulipia kadi ili wapate dakika kumi. Nesi ameuliza mara ya mwisho ni lini, amejibiwa. Amempa dawa za siku 28. Hapo maigizo mengine hufungwa, mgonjwa anashukuru, makofi. Langu linaendelea kidogo. Nesi anauliza kama simu ya kumkumbusha ikipigwa, nani hupokea. Mama anasema bwana hushika simu. Nesi anakata ile namba kwenye fomu. Kisha anauliza dawa zitakaa wapi, kwa kuwa nyumba ni chumba kimoja na kila siku ataziingiza mkono. Mama anafikiria. Anasema kuna mkebe wa mtoto wa sukari nguru, huo bwana haugusi.