Sifa za Amashakwe

Mfululizo wa okestra ni kazi ya muziki iliyogawanywa katika sehemu kadhaa zinazopigwa moja baada ya nyingine, kila sehemu ikiwa na mwendo na tabia yake, na chimbuko lake huko Ulaya ni dansi: Johann Sebastian Bach, ambaye mifululizo yake minne ya okestra ingali inapigwa hadi leo, alifungua kila mmoja kwa utangulizi wa fahari, kisha akaufuatisha na dansi za zama zake. Kwa kuwa kila sehemu inajitegemea, wasikilizaji wamezoea kuchagua mojawapo na kuitanguliza mbele ya nyingine, na uchaguzi huo, ingawa huonekana kuwa jambo la ladha tu, hufichua namna mtu anavyosikiliza. Waswahili husema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mwenye kuchagua naye huuvuta muziki upande wake. Hata hivyo, upo uteuzi unaoweza kutetewa kwa hoja, na insha hii inatetea mmoja unaohusu ngoma za kifalme za Burundi.

Jinsi masikio yanavyotofautiana huonekana wazi katika kazi ya Mwingereza Gustav Holst kuhusu sayari, iliyoandikwa kati ya mwaka 1914 na 1917, yenye sehemu saba, kila moja ikiwa na jina la sayari yake. Wengi huipenda Mirihi, inayokwenda kwa mapigo matano katika kila kipimo, na ambayo mwanzoni mwake wapiga fidla huzigeuza pinde zao na kuzigonga nyuzi kwa mti badala ya kuzisugua kwa nywele, hata fidla zikafanya kazi ya ngoma. Wengine huipenda Mshtarii kwa shangwe yake. Holst mwenyewe aliipenda zaidi Zohali, sehemu ya uzee, inayoanza kwa filimbi na vinubi vikirudiarudia taratibu mafungu mawili yaleyale ya sauti, bila haraka na bila kujitangaza. Mtunzi aliyejua kila kishindo kilichomo katika kazi yake alivutiwa na mahali ambapo kishindo hakijafika bado.

Ngoma ya kifalme ya Burundi, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika Orodha Wakilishi ya Turathi za Utamaduni Usioshikika wa Binadamu, nayo ina sehemu zinazofuatana. Wapigaji huingia uwanjani kwa safu, kila mmoja amejitwika ngoma yake kichwani, wakizipiga na kuimba huku wakitembea. Huzitua na kuzipanga nusu duara kuizunguka ngoma moja ya kati. Hupokezana mbele ya ngoma hiyo, wakicheza na kuruka. Na mwisho hujitwika tena ngoma zao na kuondoka kama walivyokuja. Mtu akiulizwa ni sehemu gani anayoipenda, mara nyingi jibu ni ile ya miruko, na si ajabu, kwa sababu kijana anayepaa hewani na fimbo mbili mikononi, kisha akaangukia pigo kwa wakati wake, ni jambo la kutazamwa.

Lakini hesabu hiyo ya kuingia, kucheza na kutoka inaacha nje jambo kubwa kuliko yote. Katika kazi ya Holst sehemu hufuatana, na Mirihi ikinyamaza ndipo Zuhura huanza. Katika ngoma ya Burundi sehemu zilizo muhimu zaidi hupigwa kwa wakati mmoja, moja juu ya nyingine, na kuchagua mojawapo maana yake ni kuamua sikio liegemee wapi. Ngoma hizo, ambazo kwa kawaida huwa kumi na kitu na daima idadi yake ni witiri, zimegawanywa kwa kazi tatu. Ya kati huitwa inkiranya, nayo ndiyo inayoongoza na kubadilisha midundo. Zile ziitwazo ibishikizo huifuata inkiranya na kuijibu, zikiiga inachosema. Zile ziitwazo amashakwe hushikilia pigo moja lisilokatika, tangu ngoma zinapochanganya hadi zinapotulia.

Hayo amashakwe ndiyo yanayostahili kutangulizwa. Anayepiga inkiranya ana uhuru wa kuvumbua, na anayepiga ibishikizo ana raha ya kujibu, ilhali aliyeko kwenye amashakwe amekabidhiwa kazi ambayo haimpi nafasi ya kujionyesha hata kidogo. Mikono yake hupanda na kushuka kwa kimo kilekile, fimbo zikiiangukia ngozi mahali palepale, na jasho likimtiririka machoni hana mkono wa kulifuta. Mbele yake mwenzake anaruka, watu wanapiga vigelegele, moyo unataka kwenda mbio, na hapo ndipo ustadi wake unapojaribiwa, kwa maana kishawishi kikubwa cha mpiga ngoma ni kuharakisha pale uwanja unapopamba moto. Mpigaji wa inkiranya akiteleza, amashakwe humrudisha njiani. Amashakwe yakiteleza, hakuna wa kuyarudisha.

Iko nukta moja ambapo ustadi huo husikika ukiwa peke yake, nayo hupita upesi hata watazamaji wengi hawaijui. Mchezaji mmoja amekwisha kuipiga inkiranya na anarudi nyuma kwa hatua za dansi. Anayefuata ameacha ngoma yake lakini hajafika katikati, anajipinda, anazungusha fimbo. Kwa mapigo machache hakuna anayeongoza, na muziki wote unabebwa na amashakwe. Kila mruko unaoshangiliwa baadaye unapimwa kwa pigo hilo, kwa kuwa mruko usio na pigo la kuangukia ni sarakasi tu, na kinachoufanya kuwa dansi ni uhakika wa mchezaji kwamba atakapogusa ardhi pigo litakuwapo.

Ushahidi mwingine umetoka mbali na Burundi. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa nchi hii, na ngoma hizo zikatolewa kwenye sahani ya santuri na kampuni ya Ocora. Mwaka 1975 mwanamuziki wa Kanada, Joni Mitchell, alichukua kipande cha rekodi hiyo, akakifanya kijirudie na kuimba juu yake katika wimbo wake uitwao The Jungle Line. Santuri haionyeshi mtu akiruka, wala safu ikiingia na ngoma kichwani. Yote yanayoonekana yalipoondolewa, kilichobaki kilikuwa bado na nguvu ya kumwinua msikilizaji wa Marekani asiyejua chochote kuhusu Burundi, na kitu hicho kilikuwa pigo lenye kujirudia.

Huko nyumbani pigo hilo lilikuwa na kazi nzito kuliko burudani. Kwenye kilima cha Gishora, karibu na Gitega, patakatifu palipoanzishwa na Mfalme Mwezi Gisabo katika karne ya 19 ndipo zilipotunzwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa, na ngoma ya juu kuliko zote, Karyenda, ilikuwa alama ya ufalme wenyewe. Katika sikukuu ya umuganuro, wakati wa kupanda mtama, ngoma ndizo zilizotangaza kwamba mfalme amefungua msimu na watu waende mashambani. Zana za kutengenezea ngoma hizo zilikuwa, na zingali, za kawaida: gogo la mti uitwao umuvugangoma lililochimbwa likawa tupu, ngozi ya ng'ombe iliyowambwa ikiwa mbichi na kukazwa kwa vigingi vya mti, na jua la kuikausha. Ufalme ulifutwa Novemba 1966. Ngoma hazikunyamaza.

Zimekuwa adimu zaidi, hata hivyo, kwa mkazi wa Gihosha, mtaa ulio kwenye miinuko ya kaskazini mashariki mwa Bujumbura. Oktoba 2017 amri ya rais ilizuia ngoma hizi zisipigwe nje ya sherehe rasmi bila kibali cha wizara inayoshughulikia utamaduni, na ikawakataza wanawake kuzipiga, wakati ambapo tayari palikuwa na wanawake waliojifunza. Nia ya kuilinda heshima ya urithi inaeleweka, lakini katazo hilo la pili ni hasara kwa sanaa yenyewe, kwani pigo la amashakwe linadai uvumilivu, sikio na mikono imara, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichogawiwa wanaume peke yao. Sanaa ambayo uzima wake unategemea watu wa kuishikilia inawahitaji wote walio tayari kuishikilia.

Kwa hiyo nafasi ya kuzisikia inapopatikana isipotezwe. Msomaji wa Gihosha atakayezikuta kwenye sherehe za Uhuru za tarehe 1 Julai, au atakayesafiri takriban kilomita 100 hadi Gitega na kuendelea kilomita 7 hivi mpaka Gishora, asigombanie nafasi ya mbele mkabala na inkiranya, mahali ambapo kila mwenye simu atakuwa amejipanga kupiga picha. Asogee karibu na wapigaji wa amashakwe, avitazame vifundo vya mikono yao pale mchezaji mmoja anapoondoka na mwingine hajafika, kisha afumbe macho na kusikiliza mzunguko mzima bila kuhangaika na miruko. Na ngoma zikiisha, watu watakapomkimbilia yule aliyeruka juu kuliko wenzake, yeye awape wapigaji wa amashakwe pongezi zake za kwanza.