Nani Abaki Macho?

Vifaa viwili vikiunganishwa kwa Wi-Fi Direct hapana ruta katikati, kwa hiyo kimoja lazima kiishike kazi ya ruta. Wi-Fi Alliance, iliyoanza kuvipa vyeti vifaa vya namna hii mwaka 2010, inakiita mwenye kundi. Kwa kawaida hutangaza uwepo wake karibu mara 10 kwa sekunde, hugawa anwani za IP, na huwatunzia data wenzake waliolala mpaka waamke. Wenzake husinzia wapendavyo. Yeye hasinzii bila kuaga, sharti atangaze kwanza muda atakaokosekana. Chaji yake ndiyo inayoliwa.

Mwenye kazi hiyo huamuliwa kwa jumbe tatu: ombi, jibu na uthibitisho. Kila kifaa hutaja namba kati ya 0 na 15, na mwenye kubwa ndiye hushinda. Zikilingana, biti moja huvunja sare. Lakini vyote viwili vikitaja 15, maana yake kila kimoja kinasema "mimi au basi", na mazungumzo yanavunjika.

Namba yenyewe inatoka wapi? Hapo ndipo panaponikera. Wpa_supplicant, programu inayoshughulikia mambo haya kwenye Linux, hutaja 7 usipoigusa, iwe kompyuta imechomekwa ukutani au inamalizia chaji. Kwenye Android unaweza kupanga namba mwenyewe, na unaweza kuuliza kama simu iko kwenye chaji. Kuyaoanisha hayo mawili ni juu yako. Mimi ningeipa simu iliyochomekwa 14, na inayokaribia kuzimika 1. Zile 15 na 0 ningewaachia wenye sababu.

Hata hivyo, namba hutazamwa mara moja tu. Simu iliyoshinda ikiwa kwenye chaji ikichomolewa baadaye, inabaki na kazi yake, kwa kuwa hakuna utaratibu wa kukabidhiana. Ikizimika, kundi linasambaratika na waliobaki wanaanza upya kusakana kwenye chaneli 1, 6 na 11.

Zigbee, mtandao usiotumia waya wa vifaa vya nyumbani, ilikata shauri la nani abaki macho mapema, kiwandani. Balbu inayotumia umeme wa nyumba hupitisha jumbe za wengine. Kihisi cha mlango chenye betri hulala, kikiamka humuuliza mzazi wake, yaani balbu kama hiyo inayokitunzia jumbe, kama kuna ujumbe. Mpango safi kabisa, mpaka mgeni azime balbu kwa swichi ya ukutani, na kihisi kianze kuhangaika kutafuta mzazi mwingine.