Gemu Inayokuonyesha Hesabu Yake

Gemu iliyonishika zaidi siku za karibuni haina risasi, haina mpira wala gari. Ni karata. Balatro ilitoka Februari 2024, kazi ya mtengenezaji mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk. Ndani ya mwezi wa kwanza iliuza nakala milioni moja, na kufikia Januari 2025 zilikuwa zimefika milioni 5. Sifa nilizosoma juu yake ni nyingi, lakini nyingi zinaishia kusema inanoga. Inanoga kwa sababu gani? Jibu langu ni kwamba imetengenezwa kwa uaminifu. Kila pointi unayopata unaonyeshwa ilikotoka, na kila unaposhindwa unaweza kurudi nyuma ukaona ulipokosea.

Tuanze na hesabu yenyewe. Una karata nane mkononi na unaruhusiwa kucheza tano kwa mpigo. Tuseme umepata kopa tano: ree, mfalme, tisa, sita na tatu. Kwa kanuni za poka, karata tano za aina moja ni mkono mzuri, na Balatro inaupa mkono huo pointi 35 na kizidishi 4. Kisha kila karata inaongeza thamani yake: ree 11, mfalme 10, halafu 9, 6 na 3. Jumla ni 39. Ukijumlisha na 35 unapata 74, na 74 mara 4 ni 296. Kikwazo cha kwanza kabisa kwenye gemu kinadai pointi 300. Umepungukiwa na nne.

Mchezaji mgeni akifika hapo hahitaji kusimuliwa lolote. Ameziona karata zikiinuka moja moja, kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikitaja thamani yake, na sauti ikipanda kidogo kila namba inapoongezeka. Anajua kabisa kwamba angeweka nane badala ya tatu angevuka. Hapo ndipo kanuni zinapomwingia, bila kurasa za maelekezo.

Kisha zinakuja jokeri. Zipo 150, na kwa kawaida unaweza kubaki na tano kwa wakati mmoja. Jokeri ya kawaida inaongeza 4 kwenye kizidishi, kwa hiyo mkono wetu wa kopa unakuwa 74 mara 8, yaani 592. Nyingine haziongezi, zinazidisha. Mojawapo inaitwa Cavendish, nayo inazidisha kizidishi mara tatu. Ukiwa nazo zote mbili, mpangilio unaamua. Jokeri ya kawaida ikikaa kushoto, 4 na 4 ni 8, mara 3 ni 24, na mkono unakupa 1,776. Ukizibadilisha nafasi, 4 mara 3 ni 12, ongeza 4 unapata 16, na mkono uleule unashuka hadi 1,184. Umepoteza pointi 592 kwa sababu tu ya jokeri ipi imetangulia. Gemu haikukemei. Inasoma kushoto kwenda kulia mbele ya macho yako, polepole kiasi cha kukuwezesha kufuatilia, halafu inakuachia utambue mwenyewe. Sijaona somo la mpangilio wa kujumlisha na kuzidisha lililofundishwa vizuri zaidi ya hapo, na wala halikukusudiwa kuwa somo.

Jina Cavendish, ambalo ni la aina ya ndizi, nalo limechaguliwa kwa makini. Kabla ya kuipata, lazima kwanza uwe na jokeri nyingine ya ndizi iitwayo Gros Michel, inayoongeza 15 kwenye kizidishi lakini kila mwisho wa raundi ina nafasi moja kati ya sita ya kutoweka. Ikishatoweka, ndipo Cavendish inaanza kuonekana kwenye duka la ndani ya gemu. Historia ya biashara ya ndizi duniani imepita njia hiyohiyo: Gros Michel ndiyo iliyokuwa ikijaza meli hadi ugonjwa wa mnyauko ulipoyateketeza mashamba ya Amerika ya Kati, na katikati ya karne iliyopita Cavendish ikashika nafasi yake. Waganda wanaokula bogoya wanaijua Gros Michel kwa ladha, maana ndiyo hiyo. Mchezaji asiyejua lolote kuhusu kilimo hapungukiwi na kitu, na anayejua anaongezewa utamu. Hivi ndivyo maarifa yanavyostahili kuingizwa kwenye gemu.

Kinachonivutia zaidi ni namna bahati ilivyotawaliwa. Hatua kuu ya kwanza inaanzia pointi 300, na ya nane inaanzia 50,000. Kujumlisha peke yake hakutakufikisha huko. Lazima uzidishe, na lazima uibadilishe seti yenyewe ya karata. Seti ya kawaida ina karata 52, na kopa ni 13, yaani robo. Kuna karata maalumu ya Jua inayogeuza hadi karata tatu kuwa kopa, na nyingine inayoangamiza hadi mbili. Tumia Jua mara mbili, uangamize nne zisizo kopa, na sasa una kopa 19 kati ya karata 48, karibu mbili katika kila tano. Ukivuta mkono mzuri baada ya hapo, sehemu kubwa ya bahati hiyo uliipanda mwenyewe raundi tatu zilizopita. Kwa hiyo ushindi unafurahisha sana, na kushindwa hakukupi mtu wa kumlaumu.

Wazazi wengi wa kwetu wakiona karata huwaza kamari mara moja, nao wana haki ya kuuliza. Hata PEGI, chombo cha Ulaya kinachopanga umri wa wachezaji, kiliwahi kuipa Balatro alama ya miaka 18, kisha Februari 2025, baada ya rufaa, kikaishusha hadi 12. Naona uamuzi wa pili ndio sahihi. Hakuna fedha inayowekwa mezani, na hakuna mpinzani wa kudanganywa. Dola za ndani ya gemu haziwezi kununuliwa kwa dola za nje. Kilichochukuliwa kutoka poka ni mikono na majina yake tu.

Siisifu yote. Kwenye daraja la juu kabisa la ugumu, baadhi ya jokeri zinakuwa za kukodi, na kila mwisho wa raundi unakatwa dola tatu kwa kila moja. Madaraja mengine ya ugumu yananilazimisha kufikiri upya. Hili la juu linanifilisi tu, na mara nyingi jibu lake ni kuanza upya hadi duka likupe unachotaka. Hapo gemu inaacha kunipima akili na kuanza kunipima subira. Lakini uamuzi wa kutokuonyesha jumla kabla hujacheza mkono, ambao wachezaji wengi wanaulalamikia, naunga mkono kabisa. Unaonyeshwa pointi na kizidishi cha kuanzia, mengine upige mwenyewe kichwani. Jumla ingeandikwa tayari, tungebaki kujaribu karata hadi namba kubwa ionekane.

Vampire Survivors ya Luca Galante nimeirudia pia, na hapa maoni yangu ni makali zaidi. Ilishinda tuzo ya BAFTA ya gemu bora mwaka 2023 na najua ina mashabiki wengi. Wewe unatembea tu, silaha zinajifyatua zenyewe. Ukifungua sanduku, mwanga unamwagika, muziki unapanda, zawadi moja au tatu au tano zinashuka, nawe umesimama unatazama. Galante aliwahi kufanya kazi kwenye biashara ya gemu za kamari, na mbinu zake zinaonekana wazi. Tofauti na Balatro, sherehe yote hii hainifundishi chochote. Sijui nilifanya nini nikastahili tano badala ya moja. Mwanzo wa mchezo ni mtamu na dakika za mwisho zinasisimua, lakini katikati ya nusu saa ya mchezo mmoja gemu hujicheza yenyewe.

Celeste ya mwaka 2018 inaniwekea swali gumu zaidi, kwa sababu yenyewe inaficha. Ni gemu ya kuruka ukipanda mlima, ngumu kwelikweli, iliyobuniwa na Maddy Thorson na Noel Berry. Ndani yake kuna huruma ambazo mchezaji hazioni. Ukishapita ukingo wa jabali na mguu ukawa hewani, una sehemu moja ya kumi ya sekunde ambamo kitufe cha kuruka bado kinakubali. Ukikishikilia hadi kilele cha mruko, mvutano wa ardhi unapungua nusu kwa muda mfupi ili upate nafasi ya kulenga. Ukigonga kichwa kwenye kona, gemu inakusogeza pembeni kidogo upite. Kuruka kwa kusukuma ukuta kunakubaliwa hata ukiwa pikseli mbili mbali nao, wakati kigae kimoja cha ramani kina upana wa pikseli nane.

Je, huu si udanganyifu? Kwangu si udanganyifu. Kidole cha binadamu huchelewa kidogo kuliko jicho, na Celeste inahesabu ulichokusudia badala ya ulichobonyeza. Miiba haijapunguzwa, mapengo hayajafupishwa. Kilichoondolewa ni ile hasira ya kujua uliruka kwa wakati na mashine ikakataa. Nimecheza gemu za kuruka zinazojisifu kwa ugumu, na ukizipima kwa kipimo hiki nyingi ugumu wake ni uzembe wa utengenezaji.

Vijana wengi wanaojifunza kuandika programu Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko wanadhani gemu haiwezekani bila kampuni kubwa na mashine ya bei mbaya. Balatro imeandikwa kwa lugha ya Lua juu ya LÖVE, zana ya kutengenezea gemu isiyolipiwa inayokubali hata kompyuta ya kawaida. Celeste ilianza kama jaribio la siku nne kwenye PICO-8, programu ya kutengenezea gemu ndogo, na jaribio hilo bado linachezwa bure mtandaoni. Noel Berry ameweka hadharani faili la msimbo linaloongoza mwendo wa mhusika wa Celeste, na ile sehemu moja ya kumi ya sekunde imo humo, mstari mmoja tu. Lifungueni mlisome, kisha mbadilishe namba moja kwenye gemu yenu wenyewe mwone inavyokuwa.