Tumba la Saa Kumi

Ukitaka kujua kama kilimo cha maua kinamlipa mtu mwenye eneo dogo, anza na ua lisilo na ghala. Karafuu ikikosa bei hukaushwa ikangojewa. Waridi la Naivasha au Arusha hulazwa kwenye chumba cha baridi, likapandishwa ndege, likauzwa Uholanzi na bado likaonekana bichi mezani kwa mnunuzi. Asumini haingoji. Tumba lililochumwa mchana huanza kufunguka magharibi, hunukia usiku, na kukipambazuka limeshalegea na kuanza kugeuka rangi. Anayeilima ili auze, iwe Lamu, Mombasa au Unguja, hufanya kazi ya mwaka mzima kwa ajili ya saa chache za jioni. Naamini kabisa kwamba hakuna kazi ya bustani inayodai hesabu na wepesi wa vidole kwa pamoja kama hii.

Mmea wenyewe hauna makuu. Unataka jua la kutosha, samadi, maji ya kila siku wakati wa kiangazi, na mkono usioogopa kukata. Asili yake ni Asia ya Kusini, na aghalabu hautoi mbegu. Kwa hiyo karibu kila kichaka cha asumini kilichopo uani Pwani kimetokana na kijiti cha kichaka kingine, kikapewa mtu, naye akampa mwingine, hadi ukiufuata ukoo wake unaishia baharini. Usiuchanganye na afu, ambayo ni asumini ya porini; harufu yake nzuri, lakini ua lake ni dogo na jembamba, halikai vizuri kwenye uzi.

Tazama ncha ya tawi kwa karibu. Mara nyingi matumba huja matatu pamoja, na la katikati ndilo linalotangulia kuiva. Leo linachumwa hilo la kati, na mawili ya pembeni, ambayo bado ni ya kijani na magumu, yanabaki kuwa mauzo ya kesho na keshokutwa. Mchumaji asiye na uzoefu hushika kishada kizima akavuta. Kikapu chake hujaa upesi, lakini theluthi mbili ya alichobeba haitafunguka kamwe, maana tumba lililochumwa changa hunyauka likiwa limefumba. Bibi mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, ambaye nimemtazama akichuma mara nyingi, huingiza kidole gumba na cha shahada kutoka chini ya tumba, akalipindua kidogo, likakatika kwenye kikonyo chake pasipo kuyatikisa yale mawili. Mkono wa pili unakuwa umeshafika tawi linalofuata. Haangalii mikono yake. Anaangalia rangi: jeupe la maziwa, lililojaa, ambalo ncha yake haijaanza kuachana. Jeupe lenye chembe ya kijani hulipita. Lililokwisha pasuka ncha hulichuma pia, lakini huliweka kando, kwa sababu hilo litafunguka kabla ya mteja kufika.

Lililotobolewa na kiwavi huliondoa palepale na kulitupa mbali na shina. Dawa hapulizi katika siku za kuchuma. Ua hili halikai kwenye chupa ya maji mezani. Linalala kwenye nywele na kifuani, juu ya ngozi ya mtu. Bustani yake ina vichaka ambavyo anaweza kuvizungukia vyote asubuhi moja akitafuta wadudu kwa macho, na huo uwezo wa kuvizungukia vyote ni sehemu ya sababu inayomfanya asitake kuviongeza.

Huanza kuchuma baada ya adhuhuri. Si yeye peke yake anayeifuata saa hiyo. Kule Fuzhou, nchini China, ambako utamaduni wa chai ya asumini uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya urithi wa kilimo, wakulima nao huchuma mchana, matumba yakiwa yamefumba, kisha usiku yanapofunguka huchanganywa na majani ya chai ili yanywe harufu. Likichumwa limeshafunguka, harufu yake imeshatolewa bure kwa nondo na upepo. Kinachouzwa, huko na huku, ni usiku ambao bado haujafika.

Kufikia saa kumi bibi amekaa mkekani. Matumba yako kwenye ungo, juu ya jani la mgomba, yamefunikwa kitambaa chenye unyevu. Uzi wa pamba ameulowesha kidogo ili usikwaruze, na sindano ni nyembamba kuliko ya kushonea kanga. Hapenyezi sindano kwenye tumba lenyewe, bali kwenye mrija ulio chini yake, kwani tumba likichomwa hufanya doa la kahawia kabla ya isha. La kwanza hutazama kulia, la pili kushoto, na kwa kupishana hivyo uzi hauonekani tena. Madurai, kusini mwa India, ambako asumini yao ilipata hati ya utambulisho wa kijiografia mwaka 2013, wafungaji hodari hawatumii hata sindano: hukamata maua kwa uzi wa nyuzinyuzi za mgomba na kuyafunga kwa vidole, fundo juu ya fundo, kwa kasi isiyofuatika kwa macho. Njia hizi mbili zina sifa zake. Ya sindano naipenda kwa sababu unaweza kulitoa tumba moja bovu bila kuufumua uzi wote.

Sasa tuje kwenye pesa, ambako watu wengi hukosea. Chukua uzi wa nusu mita. Matumba yakilala ubavu kwa ubavu, kila moja na unene wa kama nusu sentimita, uzi huo unameza matumba 100. Tuseme fundi anatumia sekunde 2 kuchuma tumba moja na sekunde 5 kulitunga. Uzi mmoja unamla karibu dakika 12, na kwa saa moja hatoi zaidi ya nyuzi 5. Kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni ana saa 4 tu. Nyuzi 20, basi, ndio mwisho wa mtu mmoja, hata apewe shamba lenye ukubwa wa uwanja wa mpira. Ardhi siyo inayombana. Kinachombana ni mchana wenyewe. Akiongeza vichaka bila kuongeza mikono, ziada inafunguka mtini na kuanguka. Akiongeza mikono, anagawana nayo faida.

Na hizo nyuzi 20 lazima ziuzwe zote, au karibu zote. Tuchukulie maji, samadi, uzi, nauli na kazi vinagharimu sawa na bei ya nyuzi 12. Faida yake iko katika zile 8 za mwisho. Akirudi nyumbani na nyuzi 8 mkononi, amefanya kazi ya siku nzima na kubaki palepale alipokuwa asubuhi. Ndiyo maana anayefanikiwa katika biashara hii hachumi kwanza akatafuta mnunuzi baadaye. Anajua idadi kabla hajagusa tawi.

Niliwahi kumsikia yule bibi wa Ng'ambo akipokea oda ya kijana mmoja aliyetumwa na dada zake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo. Tuna harusi, tunataka vikuba arobaini."

"Usiku wa kuamkia lini?"

"Kuamkia Jumapili."

"Mtakuja kuchukua saa ngapi?"

"Mchana, bibi, tukitoka sokoni."

"Mchana hutakuta kitu. Njoo baada ya alasiri, na uje na sinia na kitambaa cha kulowesha. Nusu ya pesa utaniachia leo."

Hakuna neno la bure katika mazungumzo hayo. Usiku wa lini, kwa sababu akikosea siku moja tu kazi yote ni takataka. Saa ngapi, kwa sababu tumba likifika mapema mno mikononi mwa watu wasiojua kulitunza, hupikwa na joto la mfuko wa plastiki. Na nusu ya pesa, kwa sababu harusi ikiahirishwa asumini haiahirishwi.

Aliyetaka vikuba hakutaka nyuzi, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwenye hesabu. Kikuba kinahitaji asumini chache. Kinachokibeba ni mkadi uliochanwa vipande, mrihani, maua ya waridi la kienyeji, wakati mwingine langilangi iliyoiva hadi ikawa ya manjano na kuonyesha wekundu kwenye kitako cha vijani vyake. Vyote hufungwa kwa uzi vikawa kitu kimoja cha kubandikwa kifuani. Fundi hupanga kwa kujua kipi kitatangulia kunukia: mrihani unanukia sasa hivi ukiguswa, waridi linafuata, na asumini inaamka watu wakiwa wameshakaa ukumbini. Mwenye kikuba kizuri hunukia kwa namna tofauti saa mbili na saa tano za usiku. Kwa mkulima, mrihani na mkadi havina haraka ya asumini, kwa hiyo sehemu ya kazi inaweza kufanywa asubuhi, na matumba machache yanatosha watu wengi. Katika majuma ambayo vichaka havizai vizuri, bibi hatungi nyuzi kabisa. Anageukia vikuba.

Majuma hayo huja, na hapa ndipo penye utaalamu ambao sijauona ukiandikwa popote katika vijitabu vya wakulima. Asumini hulifuata jua. Joto likiwa kali na maji yapo, huzaa hadi huwezi kuchuma zote. Kipupwe kikiingia, hupungua. Harusi na sherehe za Waswahili Waislamu hufuata mwezi. Husongamana Shaabani, kabla watu hawajaingia mfungo, hunyamaza Ramadhani, kisha hufunguka upya Mfunguo Mosi. Na Mfunguo Sita ni mwezi wa maulidi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Shaabani huzunguka misimu yote katika miaka 33 hivi. Mwaka 2015 iliangukia kati ya Mei na Juni, baridi ikianza, wateja wengi na matumba haba. Mwaka 2026 imeangukia kaskazi, kati ya Januari na Februari, vichaka vikiwa vimejaa. Bei ya uzi mmoja na kiasi cha faida haviwezi kuwa vilevile katika miaka hiyo miwili, na mtu anayejifunza kazi hii kwa kumwiga jirani mwaka mmoja tu atabeba kanuni ambazo hazitamfaa mbele ya safari. Madurai hulijua jambo hili kwa upande wao: katika miezi ya baridi, mavuno yakishuka na sikukuu zikikaribia, bei ya kilo hupanda mara kadhaa ya ile ya kawaida, na anayevuna wakati huo ni yule aliyekitayarisha kichaka mapema.

Kukitayarisha ni kupogoa. Matumba huja kwenye machipukizi mapya, si kwenye matawi makuukuu, hivyo kichaka kisichokatwa hurefuka, kikawa na majani mengi na maua machache ya juu yasiyofikika. Kukikata ni kujinyima mapato kwa majuma kadhaa, na hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu hakuna aliye na njaa ya leo anayefurahia kukata tawi lenye matumba matatu. Bibi hukata. Hukata wakati bado kuna wateja, jambo ambalo majirani huliona kuwa kichaa, kwa vile hesabu yake inaanzia mbele na kurudi nyuma: Shaabani inaingia lini, machipukizi yanahitaji majuma mangapi kwa joto la msimu huu, basi kisu kishikwe lini.

Siku hizi kumbi nyingi zimejaa maua ya plastiki, na siwalaumu wenye sherehe, kwa kuwa plastiki haimsumbui mtu kuhusu saa. Lakini plastiki hainuki, na bibi harusi bado huletewa asumini. Wateja wamepungua kwa idadi, na waliobaki wanajua wanachokitaka na hulipia mapema. Matumba yasiyouzwa hayatupwi yote. Yale yaliyofunguka hulowekwa kwenye mafuta ya nazi, yakabadilishwa kila siku hadi mafuta yashike harufu, nayo chupa ya mafuta hukaa rafuni bila wasiwasi. Vijiti vilivyokatwa wakati wa kupogoa navyo hupandwa kwenye vifuko vya udongo kivulini. Vikishika mizizi huuzwa kuwa miche, na kuna miezi ya kipupwe ambayo miche ndiyo inayolipa maji.

Hapogoi bustani yote kwa mpigo. Vichaka vya upande wa kisima hutangulia, vya ukutani hufuata baada ya majuma matatu, ili wakati nusu moja imelala nusu nyingine iwahudumie wateja wa kila siku. Mwaka ambao Shaabani inaangukia baridini huanza mapema zaidi na huanzia ukutani, kwa kuwa ukuta hulishika joto la mchana na machipukizi ya hapo huwahi.