Taa ndani ya mita: kazi ndogo yenye mitego yake

Betri ya sola haipimwi mchana. Paneli ikiwa inachaji, hata betri iliyochoka husoma volti 13 na zaidi, na fundi akiridhika na hilo, mteja atampigia simu usiku taa zikizima. Betri ya asidi hujulikana jua likishatua, paneli ikiwa haiingizi kitu na matumizi yamesimamishwa kwa muda. Ikisoma 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Kati ya kujaa na nusu ni nusu volti tu, nayo inasomwa gizani, mikono yote miwili ikiwa imeshika nyaya za mita na tochi ya simu imebanwa kwa meno.

Kaunti ya Garissa ina kituo cha sola cha megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019, lakini umeme wake huingia gridi ya taifa. Ukishika njia ya Dadaab, au ukaendelea hadi Wajir na Mandera, utakuta nyumba na maduka mengi yanayotegemea paneli yao wenyewe juu ya bati. Mita inayotumika sana huko ni ile ya bei rahisi, DT-830D, ambayo kwa kawaida haina taa. Zipo mita mpya zenye taa, na mwenye pesa anunue. Hapa tunaiangalia hiyo ya zamani: inawekewaje taa bila kuharibiwa?

Kazi ngumu iko kwenye skrini. LCD haitoi mwanga wowote. Hutegemea mwanga wa nje unaopenya kioo, ukagonga karatasi ya rangi ya fedha iliyogandishwa nyuma, kisha ukarudi machoni. Ndiyo maana jua la utosini la Garissa haliisumbui, bali huifanya isomeke vizuri zaidi. Karatasi hiyo ya fedha ndiyo inayozuia taa ya nyuma, kwa hiyo lazima itoke. Huinuliwa kwa wembe kuanzia pembeni, polepole, maana chini yake kuna polaraiza, na mara nyingi vyote viwili vimeshikana. Polaraiza ikitoka, tarakimu hupotea kabisa. Ukiirudisha imegeuka nyuzi 90, tarakimu huwa nyeupe juu ya giza. Wapo wanaopenda hivyo, ila juani hazionekani. Gundi iliyobaki husafishwa kwa spiriti. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha isikaribie hapo, itaiyeyusha polaraiza.

Mahali pa karatasi ya fedha huwekwa kipande cha plastiki ya kusambaza mwanga kutoka skrini ya simu iliyokufa, na mafundi wa simu pale Soko Mugdi, mjini Garissa, wanazo za kutosha. Nyuma ya plastiki hiyo ibaki karatasi yake nyeupe. Wengi huitupa wakidhani ni takataka, kumbe ndiyo inayorudisha mwanga wa jua wakati taa imezimwa. Bila hiyo utakuwa na mita ya usiku peke yake. Unapofunga skrini, usiguse kwa vidole ule mpira wa mistari unaounganisha kioo na bodi. Mafuta ya ngozi au kukaa upande kidogo hukata vipande vya tarakimu, na 8 huanza kusomeka kama 6.

Umeme wa taa nao una hesabu yake. LED mbili nyeupe zikifuatana hutaka volti 6 hivi. Betri ya mita ni volti 9, hivyo zinabaki 3, na rezista ya omu 680 itapitisha miliampia 4 na ushee. Kiasi hicho chatosha kusoma. Lakini chipu ya mita, ya ukoo wa ICL7106, hutumia takriban miliampia 1 tu. Taa ikiachwa inawaka, matumizi ya betri huongezeka mara tano. Kwa hiyo weka kitufe cha kubonyeza na kuachia, na umeme wake utoke baada ya swichi kuu ya mita.

Waya hasi wa LED uende kwenye hasi ya betri, kamwe usiende kwenye tundu la COM. Chipu hii huishikilia COM karibu volti 2.8 chini ya chanya ya betri, na volteji hiyohiyo ndiyo kipimo chake cha kulinganishia. Pia, COM ikigusa waya wa moto, sakiti yote ya ndani hupanda nayo, pamoja na nyaya za taa yako. Kitufe kiwe cha plastiki mwili mzima. Na anayefikiria kuwasha taa hiyo kwa waya wa chaja ya simu aache kabisa. Mita ikipima umeme wa ukutani, waya huo utautoa nje ya boksi.

Betri ya mita ikishuka chini ya volti 7 hivi, kile kipimo cha kulinganishia nacho huanza kushuka, na mita husoma juu kuliko ukweli. Betri ya mteja iliyobaki nusu itasomeka kama iliyojaa. Taa isiyo na mpango huharakisha siku hiyo. Lakini ikifungwa kwa LED mbili na rezista kama tulivyoeleza, hufifia betri inapochoka: kwenye volti 7 inabaki na miliampia 1.5, theluthi ya zile za mwanzo. Kwa hiyo sipendekezi zile sakiti za kupandisha volteji ambazo huifanya taa ing'ae vilevile hadi mwisho. Taa ikififia, badilisha betri ya mita yako kwanza, kisha ndipo umwambie mteja lolote kuhusu betri yake.