Uswisi: Utajiri Usio na Mibuni

Katika madarasa ya itikadi hapa Mwanjelwa, baadhi ya ndugu hudai kuwa Uswisi ilitajirika kwa amani na bidii tu. Maelezo hayo hayatoshi. Mbuni haustawi Uswisi, lakini sehemu kubwa ya biashara ya kahawa duniani huendeshwa na makampuni yaliyoko huko. Mkulima wa Mbozi hupanda, hupalilia na kuchuma. Faida kubwa hubaki ng'ambo. Huo ndio unyonyaji.

Lakini tusiishie kulaani. Huko raia 50,000 wakitia sahihi katika siku 100, sheria mpya ya Bunge hupigiwa kura na wananchi, ingawa wanawake walinyimwa kura ya taifa hadi 1971. Sisi mwaka 1976 tulivunja vyama vikuu vya ushirika kwa uamuzi wa Serikali, si kwa kura ya wakulima. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Kosa hilo lilikuwa letu, si la mabeberu.

Basi mkulima anahitaji mambo mawili: kiwanda cha kukaanga kahawa yake, na sauti ndani ya ushirika wake. Kiwanda bila sauti humbadilishia bwana tu.