Mlango wa Pili: Paka wa Fleti Amepatiwa Dawa!

Hatimaye! Umefungwa leo asubuhi, rangi bado inanata kidogo kwenye kona za chini, na mimi siwezi kungoja niuzoee kwanza ndipo niandike. Nimeufungua na kuufunga, nimeufungua na kuufunga, na kila springi inapourudisha na komeo likalia "tak", natamani kupiga vigelegele. Kama unaishi ghorofani hapa Dar es Salaam na una paka wa ndani anayeuvizia mlango kuliko anavyovizia panya, weka chini ulichoshika usome hapa. Mlango wa pili wa wavu, uliofungwa ndani ya korido, hatua mbili kutoka mlango wa kuingilia, ndicho kitu bora kabisa nilichowahi kukiona kwa ajili ya paka wa fleti.

Nasema mlango wa pili, si grili ya nje. Grili tunazo karibu sote, na zinazuia wezi vizuri. Kwa paka, hata hivyo, grili ya nondo ni uwazi mtupu. Mfupa wa mtulinga wa paka haujaungana na mifupa mingine kama wetu, kwa hiyo mabega yake hujikunja yakafuata popote kichwa kilipopita. Nondo zinazomfungia mtu nje zinamwachia yeye njia pana.

Na shida ya fleti iko kwenye sekunde mbili tatu tu. Kijana wa gesi amefika, mtungi wa kilo 15 uko begani, anauliza jiko liko upande gani, mlango umebaki wazi nyuma yake, na yule paka aliyekuwa amelala juu ya friji ameshashuka ngazi hadi ghorofa ya chini. Paka wa ndani akitoka hivyo mara nyingi haendi mbali. Anajibana chini ya gari au nyuma ya tangi la maji, kimya kabisa, hata akisikia anaitwa na mtu anayempenda. Huko chini kuna madume ya mtaani yanayolinda eneo lao, kuna bodaboda, kuna kichaa cha mbwa kwa asiyechanjwa. Unatembea na tochi ukiita hadi sauti inakauka.

Sasa tazama uzuri wa mlango wa pili! Hauhitaji uwe mwepesi kuliko paka, kwa sababu hakuna mtu aliye mwepesi kuliko paka. Kanuni ni moja: milango miwili haifunguki kwa wakati mmoja. Mgeni anaingia, mlango wa mbao unafungwa nyuma yake, ndipo wa wavu unafunguliwa. Paka akichomoka kama risasi anaishia kwenye korido fupi iliyofungwa, anakutazama, unambeba, mnarudi sebuleni. Mabanda makubwa ya ndege kwenye bustani za wanyama yanajengwa kwa kanuni hiyohiyo, na kama inawaweza ndege wenye mabawa, itamweza na wa kwako.

Wa kwangu umetengenezwa na fundi wa kuchomelea kutoka Gerezani, na naomba niuelezee taratibu maana kila kipande kina sababu. Fremu ni ya paipu za mraba, zimepigwa msasa, zikapakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile nyeupe ya juu, na kwa chumvi ya hewa ya pwani hilo si la kuruka. Wavu ni wa waya uliochomelewa na kupakwa zinki, matundu ya inchi moja, ambayo hata mtoto wa paka hapenyi. Umebanwa kati ya fremu na vipande vya bati bapa, hivyo hakuna ncha ya waya iliyoachwa ikichungulia. Nimepitisha kiganja pembezoni mwote, juu hadi chini, sikukwaruzika popote. Huo ndio ufundi!

Na umefika darini. Hapa sikubali mjadala. Paka mzima mwenye afya anaruka mita moja na nusu bila kujikaza, na kwenye wavu anapanda kama ngazi, kwa hiyo vile vizuizi vifupi vya kuzuia watoto wasifike kwenye ngazi kwake ni mchezo. Juu ya bawa la mlango fundi amejaza kipande cha wavu kisichofunguka, na chini ameacha nafasi isiyotosha vidole viwili. Paka hujilaza sakafuni akawa bapa kuliko unavyodhani.

Lakini kilichoniiba moyo ni komeo. Fundi alikuja na kitasa cha mkono wa kubonyeza, kizuri, kinang'aa. Nikamwambia, "Fundi, huyu paka anajua kuning'inia kwenye hiki." Akacheka. "Dada, paka afungue mlango?" Anafungua! Anaruka, anashika mkono wa kitasa kwa miguu ya mbele, uzito wake unamalizia kazi. Tukaweka komeo la kusukuma pembeni, juu ya usawa wa kiuno, linalojifunga lenyewe mlango ukirudi na kufunguliwa kwa kidole pande zote mbili. Kufuli sikulitaka hata kulisikia. Moto ukitokea usiku, watu wa humu ndani lazima watoke bila kutafuta funguo gizani, na hili nawasihi wote wenye milango ya chuma, wawe na paka au wasiwe naye.

Yale mapazia ya wavu yenye sumaku katikati, yanayouzwa kwa ajili ya mbu? Kwa mbu ni mazuri. Paka anayasukuma kwa paji la uso na kupita. Wavu wa nailoni nao kucha zinauchana, na wavu mwembamba wa kuku unalegea anapoupanda kila siku. Chuma ni chuma.

Na kuna zawadi ambayo sikuiagiza: upepo! Sasa mlango wa mbao naweza kuuacha wazi jioni, hewa ikaingia kutoka upande wa ngazi na kutokea balkoni, na wakati wa kaskazi, nyumba inapokuwa tanuri, hilo pekee lingetosha kulipia kazi yote. Paka naye amegundua sinema yake. Amekaa nyuma ya wavu, mkia umezungushwa miguuni, anawakagua majirani wanaopanda na mifuko ya sokoni. Mtoto wa jirani ameshamsalimia "shikamoo paka".

Dosari? Springi ina nguvu, ukiuachia ghafla unagonga. Fundi ataongeza kipande cha mpira kwenye fremu. Korido iwe na urefu wa kutosha mtu na mtungi wake kusimama katikati ya milango, la sivyo kanuni yote inavunjika. Kwa mpangaji, sisitiza fremu ifungwe kwa boliti ukutani ili uondoke nayo ukihama, na umwambie mwenye nyumba kabla ya drili kulia. Bei ni ya maelewano, na kinachoipandisha ni unene wa paipu.

Mlango haumwondolei paka hamu ya kutoka, kwa hiyo mengine yanabaki palepale. Dume asiyehasiwa atalia mlangoni usiku kucha akisikia jike nje. Mhasini, utulivu utakuja. Mpe chakula mbali na mlango, hasa saa unayorudi kazini, azoee kukimbilia jikoni ukiingia. Akiwekewa na chipu chini ya ngozi, yenye namba zake 15, atatambulika siku akiokotwa na kupelekwa kwa daktari wa mifugo.

Kinachofuata ni madirisha. Ule wavu wa kusukuma kwenye madirisha ya aluminiamu paka anausogeza kwa kucha na kutoka zake. Mwaka 1987 madaktari wa mifugo Whitney na Mehlhaff waliandika kuhusu paka 132 walioletwa hospitalini New York baada ya kuanguka kutoka maghorofani. Takriban asilimia 90 walipona, na watu wakalishika hilo tu, wakasahau vifua vilivyoumia na taya zilizovunjika. Nimeshampa fundi vipimo vya balkoni na madirisha matatu: wavu uleule, matundu yaleyale, boliti kila sentimita 30. Anaanza Jumamosi!